Mtoto Hujifunzaje Kunena?

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo kila mtu amelipitia wala hakuna alikumbukaye, nalo ni namna tulivyojifunza kunena. Mtu aweza kukumbuka siku alipoanza chuoni, na kiboko cha mwalimu wake wa kwanza, na herufi iliyomtoa jasho, lakini hakuna awezaye kusema, "Siku fulani nilijifunza neno *mama*." Twajikuta tu wenye lugha, kama tunavyojikuta wenye miguu.

Kwa kuwa hatukumbuki, twadhani ni jambo dogo. Walakini tufikiri kidogo. Mtu mzima aliyesoma akihamia nchi ya ugenini, na kitabu cha sarufi mkononi, na mwalimu wa kulipwa, huenda akamaliza miaka mitatu na bado akakosea. Mtoto wa miaka mitatu hana kitabu, hana mwalimu, hajui hata kufunga vifungo vya shati lake; naye asema, "Kikombe changu kimevunjika." Hasemi, "Kikombe wangu amevunjika." Nani aliyemfundisha kwamba kikombe hutaka *cha* na *ki*? Mama yake hakumketisha akamweleza ngeli za maneno. Labda mama mwenyewe hajapata kusikia kwamba kuna kitu kiitwacho ngeli.

Swali hili wenye hekima wameliuliza kwa muda wa miaka zaidi ya 2,500. Njia walizozitumia kulijibu ni habari ndefu. Nyingine zachekesha, na nyingine zahuzunisha. Tutazisimulia kwa utaratibu, kisha tutaona zina faida gani kwetu tulio na watoto nyumbani na shuleni.

Wa kwanza tumjuaye ni mfalme wa Misri aliyeitwa Psammetichus, aliyetawala katika karne ya 7 kabla ya kuzaliwa Kristo. Habari zake ziliandikwa na Mgiriki Herodotus, yapata miaka 200 baadaye. Herodotus asema kwamba Wamisri walijiona kuwa ndio watu wa kale kuliko wote duniani, na mfalme akataka kupata hakika. Akatwaa watoto wachanga wawili, akampa mchungaji awalee, akamwamuru kwamba mtu awaye yote asitamke neno mbele yao. Wakae peke yao kibandani. Kwa saa zake waletewe mbuzi, washibe maziwa, basi. Mfalme alitumaini kwamba watoto hawa wakiisha kuacha sauti za kitoto, watatamka neno la lugha ya kwanza ya wanadamu.

Ikapita miaka miwili. Siku moja mchungaji alipofungua mlango, watoto wote wawili walimwendea wamenyosha mikono, wakasema, "Bekos!" Kila alipokuja wakalisema neno lilo hilo. Mfalme akaulizia, akaambiwa kwamba kwa lugha ya Wafrigia, watu waliokaa katika nchi iitwayo leo Uturuki, *bekos* ni mkate. Basi Wamisri wakakubali, kwa shingo upande, kwamba Wafrigia ni wa kale kuliko wao.

Msikilizaji aliyepata kuchunga mbuzi atakuwa amekwisha kucheka. Watoto wale walizuiliwa wasisikie sauti ya mtu, lakini sauti ya mbuzi waliisikia kila siku; na mbuzi husema nini ila "bee"? Wengi waliosoma habari hii wameliona jambo hilo.

Wafalme wengine walifuata njia hiyo hiyo. Katika karne ya 13 mtawa mmoja wa Italia, Salimbene, aliandika kwamba mfalme Frederick wa Pili aliwaamuru walezi wawanyonyeshe watoto na kuwaogesha, ila wasiseme nao kabisa. Na watoto wale wakafa. Salimbene hakuwa rafiki wa mfalme huyo, basi yawezekana aliongeza chumvi. Habari za Akbar, mfalme mkuu wa Bara Hindi, ni za kuaminika zaidi. Huyu alijenga nyumba ya peke yake, akaweka ndani yake watoto wachanga pamoja na walezi walioamriwa kunyamaza. Watu wakaiita Nyumba ya Mabubu. Mwaka 1582 alikwenda kuwatazama, na mwandishi wake, Abul Fazl, aeleza kwamba halikusikika neno hata moja, ila sauti tupu kama za bubu.

Basi Akbar alipata jawabu. Lugha haichipuki kichwani kama jino litokavyo katika ufizi. Lazima mtoto aikute kwa watu. Lakini tazameni jawabu hilo lilinunuliwa kwa bei gani! Watoto wale walinyimwa kitu ambacho hata maskini wa mwisho humpa mwanawe bure. Siku hizi mtu akitaka kufanya uchunguzi wa namna hiyo atazuiliwa na sheria, na ni haki azuiliwe.

Wakati mwingine, lakini, ulimwengu wenyewe humtupa mtoto katika hali ile. Mwezi wa Januari mwaka 1800, kusini mwa Ufaransa, alitokea mwituni mtoto mwanamume wa miaka kama 12, hana neno kinywani. Hakuna aliyejua wazazi wake. Akapelekwa Paris, katika nyumba ya kufundishia viziwi, na daktari kijana aitwaye Jean Itard akamchukua awe mwanafunzi wake, akamwita Victor. Mama mmoja, Bibi Guérin, alimpikia na kumlea kama mwanawe.

Itard alimfundisha Victor kwa muda wa miaka mitano hivi, kwa subira ambayo sisi walimu twaweza kuionea haya subira yetu. Alimtengenezea herufi za kushikwa mkononi, akamfundisha kuzipanga ziwe neno *lait*, maana yake maziwa. Victor akajua kuomba maziwa kwa kupanga herufi zile, akajua na majina mengine ya vitu katika maandishi, akajua kutii na kuhurumia watu. Lakini kunena hakuweza. Alikufa mwaka 1828, bado katika mikono ya Bibi Guérin, na lugha ya Kifaransa haikumkaa ulimini kamwe.

Wengi husema, "Alichelewa." Wahenga wetu nao walisema, udongo uwahi ungali maji. Yaelekea kuwa kweli. Maana wataalamu wa siku hizi wamethibitisha kwa njia nyingine kwamba anayeanza lugha yake ya kwanza akiwa amekwisha kukua haifikii kama aianzaye utotoni. Lakini liko jambo jingine la kufikiriwa. Nyumba ile ya Paris ilijaa watoto viziwi waliokuwa wakizungumza kwa mikono. Itard alitaka sauti. Lugha ya mikono hakumfundisha Victor. Lishikeni jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Katika karne ya 19 madaktari waliingia katika uchunguzi huu kwa mlango mwingine. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, alikuwako mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyepotewa na maneno alipokuwa na miaka kama 30. Neno moja tu lilimbakia, "tan", na kila alipoulizwa alijibu, "Tan, tan." Watu wakamwita Tan. Mwaka 1861 alipelekwa kwa daktari Paul Broca. Broca akamwuliza amekaa hospitalini miaka mingapi. Leborgne akaufungua mkono wake wa kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja: miaka 21. Na kweli ilikuwa 21.

Leborgne alipokufa siku chache baadaye, Broca aliutazama ubongo wake, akaona umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza ugonjwa wa namna ya pili, ambao mwenye nao husema maneno mengi yasiyo na maana wala haelewi anayoambiwa. Na hao mahali palipoharibika ni pengine, nyuma zaidi. Hapo ikajulikana kwamba lugha ina sehemu zake katika ubongo, nayo yaweza kuvunjika sehemu moja na nyingine ikabaki. Nasi twajifunza neno kubwa kwa yule mtu wa "tan tan": asiyeweza kusema si lazima awe asiye na akili. Alijua kuhesabu miaka yake kuliko wengi wetu.

Wengine nao walianza kutumia njia nyepesi kuliko zote, ambayo wafalme hawakuifikiri: kumsikiliza mtoto nyumbani kwake. Mjerumani Dietrich Tiedemann alichapisha mwaka 1787 habari za mwanawe jinsi alivyokua. Charles Darwin, Mwingereza mashuhuri, aliandika mambo ya mtoto wake wa kwanza, akayachapisha mwaka 1877. Clara Stern na mumewe William, wa Ujerumani, waliandika maneno ya watoto wao watatu kwa muda wa miaka mingi, na mwaka 1907 wakatoa kitabu kizima juu ya lugha ya watoto. Kalamu, daftari na masikio ya mzazi vilifunua mengi kuliko ile nyumba ya Akbar. Ilionekana kwamba watoto hupita katika hatua zinazofanana: kwanza sauti za kurudiarudia, kisha neno moja moja, kisha maneno mawili pamoja, kisha sentensi.

Katikati ya karne ya 20 ukazuka ubishi mkubwa huko Marekani. Mwaka 1957 mtaalamu B. F. Skinner alitoa kitabu akisema kwamba lugha ni mazoea: mtoto husikia, huiga, husifiwa apatiapo, na hivyo hushika. Mwaka 1959 kijana Noam Chomsky alimjibu kwamba haiwezekani. Mtoto husema kila siku sentensi ambazo hakupata kuzisikia, basi lazima azaliwe na kitu akilini kinachomwezesha kugundua sheria za lugha.

Nani mwenye haki? Mwaka 1958 mwanamke mmoja, Jean Berko, alifanya jaribio zuri mno kwa wepesi wake. Alichora mnyama mdogo asiyekuwako duniani, akawaambia watoto, "Huyu ni *wug*." Kisha akachora wawili, akasema, "Sasa wako wawili. Hawa ni wawili nini?" Watoto wakajibu, "*Wugs*," wakiweka *s* mwishoni kama Kiingereza kitakavyo. Hawakuweza kuiga, kwa sababu neno hilo halikupata kusemwa na mtu kabla ya Berko kulibuni. Walikuwa na sheria kichwani.

Sisi wenye Kiswahili twaweza kulifanya jaribio hili bila gharama. Chora chombo kisichojulikana, umwambie mtoto, "Hiki ni kipozu." Kisha chora viwili, umngoje aseme. Chora mti wa ajabu, useme, "Huu ni mlozu," halafu chora mnyama wa ajabu useme, "Huyu ni mlozu," usikie kama ataitenga *milozu* na *walozu*. Mwalimu afanyaye hivi atajua mengi juu ya akili za wanafunzi wake kuliko atakayoyajua kwa kusahihisha imla. Tena ataona kwamba kosa la mtoto mara nyingi si ujinga. Ni sheria sahihi iliyotiwa mahali pasipo pake.

Tangu hapo wataalamu wamewafuata watoto hata kabla hawajanena. Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake, huko Rhode Island, waliwapa watoto wa mwezi mmoja na wa miezi minne chuchu ya mpira iliyounganishwa na mtambo. Mtoto akinyonya kwa nguvu, mtambo hutoa sauti, "ba, ba, ba." Akiizoea hulegea. Sauti ikigeuzwa kuwa "pa", mara hunyonya upya kwa bidii. Maana yake amesikia kwamba imebadilika. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba mtoto wa miezi 6 hata 8 aliyezaliwa kwa wasemao Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wake hawazisikii tofauti zake. Lakini akikaribia mwaka mmoja, uwezo huo humpungukia. Masikio yake yamekwisha kujifunga kwa lugha ya nyumbani.

Hapa ndipo ilipo sababu ya jambo lichekwalo sana madarasani petu. Mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi *r* na *l* aweza kuandika *kura* akitaka kusema *kula*, na wenzake wakaangua kicheko. Hana uzito wa ulimi wala wa akili. Alijifunza lugha ya mama yake vema mno, na masikio yake yakatupa yasiyotumika. Yataka mazoezi ya kusikia, kicheko hakimfai.

Na mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake wawili waliwasikilizisha watoto wa miezi minane maneno ya kubuni yaliyoungana pasipo kituo, kwa muda wa dakika mbili tu. Baadaye watoto walionyesha kwamba walikwisha kutambua silabi zipi hufuatana daima na zipi hukutana kwa bahati. Mtoto aliye mgongoni mwa mamaye sokoni, tunayemdhani amelala, huenda yumo katika kazi ya kukata maneno yetu vipande vipande.

Sasa twafika kwenye habari iliyo kubwa kuliko zote, na hapa wala mfalme wala mtaalamu hakuipanga. Katika nchi ya Nicaragua, Marekani ya Kati, watoto viziwi zamani waliishi kila mmoja nyumbani kwao, peke yake kati ya watu wasemao. Kila mmoja alikuwa na ishara chache za kuelewana na jamaa zake: chakula, maji, njoo, usingizi. Baada ya mwaka 1977 watoto hao walianza kukusanywa shuleni katika mji mkuu, Managua, kwanza wapatao 50. Na kufika mwaka 1983 walikuwa zaidi ya 400 katika shule mbili.

Walimu hawakuwafundisha lugha ya ishara. Waliwafundisha kusoma midomo ya msemaji na kutamka Kihispania, na wengi hawakufaulu. Lakini uwanjani, na garini wakati wa kwenda na kurudi, watoto walianza kuunganisha ishara zao za nyumbani. Walimu wakaona mikono yenda mbio wala hawaelewi isemalo. Mwaka 1986 serikali ilimwita Judy Kegl, mtaalamu wa lugha kutoka Marekani, aje kutazama. Aliona kwamba wale wakubwa walikuwa na ishara rahisi, lakini wadogo waliokuja baadaye walikuwa na lugha yenye utaratibu zaidi kuliko ile waliyopokea.

Mfano mmoja utatosha. Mwaka 2004 Ann Senghas na wenzake walieleza namna viziwi wale wanavyosimulia habari ya kitu kibingirikacho mlimani. Wakubwa wa kundi la kwanza huonyesha kubingirika na kushuka kwa mwendo mmoja wa mkono, kama mtu aigizaye. Wadogo huweka ishara ya kubingirika peke yake, kisha ishara ya kushuka peke yake, moja baada ya nyingine, kama sisi tusemavyo maneno mawili. Nani aliyewafundisha kutenga? Hakuna. Ni watoto walioitenga lugha katika sehemu zake, na watu wazima walikuwa hawawezi tena kuwafuata.

Basi hili ndilo jawabu la lile swali la Psammetichus, nalo ni zuri kuliko alilolitaka. Mtoto mmoja kibandani hatazaa lugha. Watoto wengi waliokutana, wakiwa wangali wadogo, wakiwa na haja ya kuambiana mambo, huitengeneza hata kama hawana sauti ya kusikia. Akili ya mtoto imekuja na njaa ya lugha, na watu wenziwe ndio chakula chake.

Kama ni hivyo, kosa la wakubwa lilikuwa kubwa. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakakata shauri kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka tu, na ishara ziondolewe. Kwa sababu ya shauri hilo, katika nchi nyingi watoto walipigwa mikono kwa kosa la kusema kwa mikono. Mwaka 1960 William Stokoe wa Marekani alionyesha kwamba ishara za viziwi ni lugha kamili, ina sarufi yake. Mwaka 2010, miaka 130 baada ya Milan, mkutano kama ule uliofanyika Vancouver, Kanada, ulilikataa shauri la kwanza na kueleza majuto. Fikirini ni watoto wangapi walipita katikati ya mikutano hiyo miwili.

Katika nchi zetu mambo yameanza kutengenezwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yataja kuendelezwa kwa lugha ya ishara ya viziwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Lakini katiba haiingii kila kibanda. Vijijini bado yuko mtoto aitwaye bubu, naye ulimi wake ni mzima. Masikio ndiyo yaliyofungwa. Hufichwa wageni wajapo, hupewa kuchunga mbuzi, na watu husema hana akili. Huyo ni mtoto wa kile kibanda cha Psammetichus, ila aliyemfungia si mfalme. Ni sisi.

Basi twawasihi wasikilizaji wetu mambo matatu. La kwanza, semeni na mtoto mchanga, wala msingoje mpaka ajibu. Kazi yake imekwisha kuanza. La pili, mtoto akifika miezi kadha asishtuke kwa makofi yapigwayo nyuma yake, apelekwe kwa daktari upesi, asingojwe mpaka miaka saba. La tatu, akionekana kuwa kiziwi, atafutiwe viziwi wenzake na shule yao angali mdogo, na jamaa zake wajifunze ishara pamoja naye. Hata kama shule ni mbali, walimu wa wilaya waweza kuulizana, maana kiziwi mmoja wa kijiji hiki na mmoja wa kijiji cha pili, wakikutanishwa, wamekwisha kuwa wawili.

Na wewe mwanafunzi usomaye, ukimwona mwenzako asiyesema, usimcheke. Mnyoshee mkono, umwonyeshe kitu, ungoje akuonyeshe chake.